Corey Goodman na neva za nzige: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa biolojia, walimu wao, na watu wengine wanaoshangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ujenzi wa ubongo ilianza kwenye mayai ya nzige. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Anayetaka kiini cha habari yote aende moja kwa moja kwenye swali la Robo na Slit.

Corey Goodman ni nani?

Ni mwanabiolojia wa Marekani, mzaliwa wa Chicago, mwaka 1951. Shahada ya kwanza aliichukua Stanford akamaliza mwaka 1972. Uzamivu aliupata Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1977. Kisha alikwenda San Diego kufanya utafiti pamoja na Nicholas Spitzer, akarudi Stanford kufundisha mwaka 1979, na mwaka 1987 akahamia Berkeley, alikokaa hadi alipoingia kwenye kampuni za dawa mwaka 2001.

Tangu masomo ya uzamivu mpaka anaondoka chuoni ni kama robo karne. Muda huo wote alibadilisha wanyama, vifaa na mbinu, ila swali lake kuu halikubadilika.

Swali hilo ni lipi?

Seli ya neva ikizaliwa ndani ya kiinitete ni kiduara tu. Ili ifanye kazi, lazima itoe uzi mrefu mwembamba, aksoni, na uzi huo usafiri hadi uifikie seli inayotakiwa kuunganishwa nayo: msuli fulani, au seli nyingine ya neva upande wa pili wa mwili. Njiani unapita katikati ya maelfu ya seli zisizouhusu. Na bado kila kiinitete kinachozaliwa huziunganisha nyuzi hizo karibu sawasawa na kilichotangulia. Nani anauelekeza uzi huo?

Swali ni la zamani. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliiona ncha ya uzi unaokua mwaka 1890 na akahisi kwamba inavutwa na kemikali. Roger Sperry naye, kwa majaribio yake ya macho ya chura na samaki, alidai mwaka 1963 kwamba kila seli hubeba alama za kikemia zinazotambuana. Wote wawili walikaribia ukweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameishika hata kemikali moja mkononi. Kizazi cha Goodman ndicho kilichozipata.

Kwa nini nzige? Kwa nini si panya, au mnyama aliye karibu na binadamu?

Kwa sababu katika nzige unaweza kuirudia seli ileile. Ubongo wa panya una mamilioni ya seli za neva, na huwezi kuonesha seli moja katika panya huyu kisha ukaitafuta ndugu yake katika panya yule. Nzige ana mnyororo wa ganglia, yaani vifundo vya seli za neva, tumboni na kifuani, na ndani yake zipo seli unazozitambua moja moja kwa mahali zilipo na umbo lake. Seli uliyoiona leo katika kiinitete kimoja, kesho utaikuta palepale katika kingine. Anayetaka kujua seli inachagua njia gani hawezi kupata zawadi kubwa kuliko hiyo, maana anaweza kuharibu kitu kimoja na kuona seli ileile inafanya nini sasa.

Sababu ya pili ni ukubwa na mwendo. Kiinitete cha nzige ni kikubwa kwa kulinganisha na cha wadudu wengi, seli zake ni nene kiasi cha kuchomwa kwa sindano ya kioo na kutiwa rangi, na hukua kwa takriban siku 20. Watafiti huhesabu umri wake kwa asilimia: kila siku moja ni kama asilimia 5 ya safari. Wakisema "kiinitete cha asilimia 35", kila mtu wa fani anajua ni siku ya ngapi na miguu imefikia wapi.

Wako wanaolichukulia jambo hili kama bahati tu ya mtu aliyekuta nzige maabara. Mimi naona kuchagua mnyama ndiko kulikuwa nusu ya ugunduzi. Swali lililokaa bila jibu tangu enzi za Cajal lilianza kufunguka pale watu walipopata mahali pa kuliuliza seli moja baada ya nyingine.

Ni nzige haohao waliovamia Kenya mwaka 2020?

Si haohao, ila ni wa jamii moja. Walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kusumbua pembe hii ya Afrika mwaka uliofuata ni nzige wa jangwani, *Schistocerca gregaria*. Maabara ya Goodman ilitumia zaidi *Schistocerca americana*, ndugu yake wa Marekani. Michael Bate, ambaye tutamfikia, alitumia *Locusta migratoria*.

Lipo pia fungamano jingine na huku kwetu. Goodman alipokuwa mwanafunzi Berkeley, mtu aliyekuwa na maabara ya neva za nzige katika idara ya zoolojia pale alikuwa Hugh Rowell, aliyewahi kuwa Makerere, Kampala, miaka ya 1960 na kuwatafiti panzi wa Afrika Mashariki. Naye Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970, alisoma Makerere, akachukua uzamivu wake Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, na akatafiti homoni za nzige huyuhuyu wa jangwani. Ukoo wa sayansi ya nzige una mizizi huku kuliko wengi wanavyodhani.

Michael Bate ana nafasi gani katika habari hii?

Kubwa sana, na mara nyingi hupewa ndogo. Mwaka 1976 mwanabiolojia huyu Mwingereza alitoa kazi mbili zilizowapa wengine ramani. Katika ya kwanza aliorodhesha seli mama zinazozalisha mfumo wa neva wa nzige, moja baada ya nyingine, kila moja na mahali pake. Katika ya pili alionesha kwamba kwenye mguu wa kiinitete, siku ambazo mguu wenyewe bado ni kinundu kifupi, jozi ya seli karibu na ncha hutangulia kutoa nyuzi kuelekea ndani ya mwili. Nyuzi zinazokuja baadaye hufuata njia hiyo iliyokwisha kuchorwa. Seli hizo zimeitwa neva tangulizi.

Goodman, Bate na Spitzer walifanya kazi pamoja, na mwaka 1981 walitoa kwa pamoja historia ya seli moja ya nzige tangu kuzaliwa kwake mpaka inapata umbo la utu uzima. Baadaye Bate aliendelea Cambridge na kuwa mmoja wa wakubwa wa fani ya ukuaji wa misuli na neva za inzi.

Hizo seli mama zinafanyaje kazi?

Huitwa nyuroblasti. Katika kila nusu ya pingili ya mwili wa nzige ziko takriban 30, zimepangwa kwa safu, na katikati ya pingili iko moja isiyo na mwenzake. Nyuroblasti hugawanyika bila usawa: yenyewe hubaki kubwa, na pembeni hutoa kiseli kidogo. Kiseli hicho hugawanyika mara moja tu na kuzaa seli mbili za neva. Nyuroblasti hurudia hivyo tena na tena, watoto wakipangana nyuma yake kwa zamu ya kuzaliwa.

Seli inavyokuja kuwa hutegemea imetoka kwa mama gani na imezaliwa ya ngapi. Chris Doe, akiwa mwanafunzi wa Goodman, aliziua nyuroblasti moja moja kwa mwali wa leza na kutazama nini kinatokea. Ukiua nyuroblasti mapema, seli ya jirani kutoka kwenye ngozi ya nje ya kiinitete inaweza kushika nafasi yake na kuzaa ukoo uleule. Maana yake ni kwamba mahali seli iliposimama ndipo panapoipa cheo. Doe sasa yuko Chuo Kikuu cha Oregon na bado anafuatilia zamu za kuzaliwa kwa seli za neva.

Jaribio la "seli ya G" lilikuwaje?

Hili ni la kusimulia polepole. Katika kiinitete cha nzige iko seli iliyopewa jina la herufi G. Aksoni yake huvuka mstari wa kati wa mwili, huingia upande wa pili, na hapo hukuta matita mengi ya aksoni za seli nyingine, yamelala sambamba na kugusana. Lazima ichague tita moja, igeuke, na kuelekea mbele upande wa kichwa.

Jonathan Raper, Michael Bastiani na Goodman waliitia G rangi inayong'aa ili kuona ncha yake. Ncha ya aksoni inayokua hutoa vidole vyembamba pande zote, vikirefuka na kurudi nyuma, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Vidole vya G viligusa matita mengi. Lakini kila mara G ilichagua tita lilelile, na ndani ya tita hilo ilishikamana na aksoni za kundi moja tu, zilizoitwa P, ikiziacha aksoni za kundi la A zilizokuwa palepale zimelalia bega kwa bega. Haya waliyathibitisha kwa hadubini ya elektroni, wakikata kiinitete vipande vyembamba mno na kufuatilia uzi kutoka kipande hadi kipande. Kazi ya kuchosha macho.

Kisha wakaziua seli za A. G haikujali, iliendelea na njia yake. Wakaziua za P. Sasa G ilifika penye makutano na kupotea. Vidole vyake vilipapasa huku na huku, na haikuchagua tita jingine lolote kana kwamba hayapo.

Matokeo hayo ya miaka ya 1983 na 1984 yalionesha kwamba aksoni zilizotangulia zina alama juu ya ngozi zao, alama za P si alama za A, na G ina uwezo wa kuzisoma. Wazo la Sperry lilikuwa limeonekana katika seli moja yenye jina.

Alama zenyewe zilipatikana?

Baadhi. Maabara ilitengeneza kingamwili zinazoshika aksoni za matita fulani tu na kuacha mengine, na kwa hizo wakazikamata protini walizoziita fasiklini. Fasiklini II ilipochambuliwa mwaka 1988 ilikutwa ni ndugu wa protini inayogundisha seli za neva katika wanyama wenye uti wa mgongo. Ilikuwa habari kubwa: mdudu na kuku wanatumia vifaa vya ukoo mmoja.

Lakini mtu akisema fasiklini ndizo zilikuwa jibu, atakuwa ameruka hatua. Walipotengeneza inzi wasio na fasiklini II, matita fulani yalilegea na nyuzi zikaachana, ila mfumo wa neva kwa ujumla ulijengeka. Kushikamana peke yake hakukutosha kueleza uelekezaji. Palihitajika njia ya kutafuta bila kubahatisha ni protini gani.

Kwa nini alimwacha nzige akaenda kwa inzi?

Kwa sababu nzige hakuwa na jenetiki. Unaweza kuiona seli yake vizuri ajabu, lakini huwezi kuharibu jeni moja moja na kufuga vizazi vya kutosha kuona matokeo. Inzi wa matunda, *Drosophila melanogaster*, anatoka kwenye yai kwa takriban saa 24, anafugwa kwenye chupa, na watu walikuwa wamemfanyia jenetiki tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Tatizo lake ni udogo: seli zake za kiinitete ni ndogo mno kuliko za nzige.

Daraja lilijengwa mwaka 1984. John Thomas, Bastiani, Bate na Goodman walilinganisha viinitete vya wadudu hao wawili na kukuta seli zilezile, katika mahali palepale, zikifuata njia zilezile. Wadudu hao wametengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na bado ramani ni moja. Basi yote yaliyojulikana kwa nzige yakawa funguo za kumsoma inzi.

Kwangu hili ndilo jambo la kuigwa katika maisha yake ya kazi. Alikuwa na jina kwa nzige, vifaa vya nzige, wanafunzi wa nzige. Swali lilipomzidi nzige, alilifuata swali.

Robo, Slit na comm ni nini hasa?

Ukitia rangi aksoni zote za mfumo wa neva wa kiinitete cha inzi, unaona ngazi. Miti miwili mirefu hupita upande wa kushoto na kulia, na katika kila pingili vidato viwili huiunganisha. Vidato ni aksoni zinazovuka mstari wa kati kwenda upande wa pili. Aksoni nyingi huvuka, nyingine hazivuki kamwe. Na zile zinazovuka huvuka mara moja tu maishani.

Mark Seeger, Guy Tear na wenzao katika maabara ya Goodman waliwapa inzi kemikali ya kuharibu jeni, wakakusanya vizazi, na kukagua viinitete kimoja kimoja wakitafuta ngazi zilizoharibika. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1993 yalikuwa na jeni mbili zilizopingana waziwazi. Katika inzi wenye kasoro ya jeni ya kwanza, ngazi haina vidato: hakuna aksoni inayovuka. Waliiita *commissureless*, kwa kifupi comm. Katika wenye kasoro ya pili, aksoni zisizotakiwa kuvuka zinavuka, na zilizokwisha kuvuka zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka katikati. Hiyo wakaiita *roundabout*, yaani kipilefti. Kifupi chake ni Robo.

Kasoro ya Robo ilibadilisha mawazo ya wengi. Watu walikuwa wakitafuta kinachovuta aksoni kuelekea katikati, na kweli kilikuwepo: protini za netrini, zilizopatikana mwaka 1994 katika ubongo wa viinitete vya kuku na maabara ya Marc Tessier-Lavigne, zikiwa ndugu wa protini ya mnyoo iliyokwisha kujulikana. Lakini Robo ilionesha kwamba katikati pale pale pana kitu kinachofukuza. Jeni ilipochambuliwa mwaka 1998, ilikutwa ni kipokezi, protini inayokaa juu ya ngozi ya aksoni ikisubiri ujumbe.

Ujumbe ulitoka wapi? Jibu lilikuja mwaka 1999: protini ya Slit, inayotolewa na seli za glia, yaani seli wasaidizi wa zile za neva, zilizoko katikati kabisa. Jeni ya *slit* ilikuwa inajulikana kwa miaka mingi, na ilidhaniwa kazi yake ni kuzitunza tu seli za katikati. Thomas Kidd, Kimberly Bland na Goodman walionesha kwamba ndiyo inayosema "ondoka hapa", na Robo ndiyo inayosikia. Inzi asiye na Slit kabisa, aksoni zake zote huanguka katikati na kubaki hapo. Kwa nini asiye na Robo hawi mbaya kiasi hicho? Kwa sababu ana vipokezi vingine vya ukoo huohuo vinavyosikia kiasi, jambo lililoeleweka mwaka 2000.

Sasa fikiria aksoni inayotakiwa kuvuka mara moja. Kabla ya kuvuka lazima isiisikie Slit, la sivyo haitasogea. Baada ya kuvuka lazima iisikie, la sivyo itarudi. Uso wa aksoni hiyohiyo, katika muda wa saa chache, unageuka kutoka uziwi kwenda usikivu. Hapo ndipo comm inapoingia. Krystyna Keleman, Barry Dickson na wenzao huko Vienna walionesha mwaka 2002 kwamba Comm huikamata protini ya Robo ndani ya seli, ikiwa bado inasafirishwa kwenda nje, na kuipeleka ikavunjwe. Seli inapotaka kuvuka huiwasha comm, na Robo haifiki kwenye ncha. Ikishavuka huizima, Robo inajaa usoni, na mlango umefungwa nyuma yake. Ndiyo maana bila comm hakuna anayevuka, na bila Robo hakuna anayetulia. Kasoro mbili zilizoonekana zinapingana zilikuwa pande mbili za swichi moja.

Semaforini nazo?

Alex Kolodkin, katika maabara ya Goodman, alichambua mwaka 1992 protini ya nzige iliyoitwa kwanza fasiklini IV, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza katika ukoo mkubwa wa semaforini unaopatikana hata kwa binadamu. Mwaka huohuo wa 1993, maabara nyingine ilitoa protini ya ubongo wa kuku inayofanya ncha ya aksoni isinyae papo hapo inapoguswa. Ilikuwa semaforini pia. Na mkuu wa maabara hiyo ya pili, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa Jonathan Raper, yuleyule wa seli ya G.

Yote haya yanamhusu binadamu?

Moja kwa moja. Maabara zilizofuata njia hii zilikuta Slit na Robo kwa panya mwaka huohuo wa 1999, na zinafanya kazi ileile ya kufukuza.

Mwaka 2004 ilionekana kwamba watu wenye ugonjwa adimu wa kurithi, ambao hawawezi kugeuza macho kulia wala kushoto na uti wao wa mgongo hupinda tangu utotoni, wana kasoro katika jeni ya ROBO3. Walipopimwa, njia za neva zinazotakiwa kuvuka katika shina la ubongo wao zilikuwa hazijavuka. Mtu mwenye kasoro hiyo huzungusha kichwa chote ili atazame pembeni. Mwaka 2010 ikafuata jeni ya DCC, kipokezi cha netrini: baadhi ya watu wenye kasoro yake wakikunja vidole vya mkono wa kulia, vya kushoto navyo hujikunja bila wao kutaka.

Daktari anayemwona mgonjwa wa aina hii leo ana maelezo ya kumpa, na maelezo hayo yalianza na ngazi isiyo na vidato katika yai la inzi.

Basi kwa nini mtu aliyevunjika uti wa mgongo hatibiki?

Hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu la wazi. Kwa sasa hakuna dawa iliyotokana na netrini, Slit au semaforini inayounganisha tena uti wa mgongo uliokatika. Kiinitete na mtu mzima ni mazingira tofauti. Kwa mtu mzima, aksoni iliyokatika hukuta kovu na mabaki ya ala ya mafuta inayozunguka neva, na vyote viwili huizuia kukua. Umbali nao umekuwa mrefu: katika kiinitete safari ni ya sehemu ndogo ya milimita, kwa mtu mzima inaweza kuwa karibu mita nzima. Kujua ishara za njia ni sharti mojawapo la tiba ya baadaye. Atakayekuuzia kitu leo kwa jina la sayansi hii, mkatae.

Kwa nini aliondoka chuoni akaingia biashara?

Hakuingia ghafla. Mwaka 1994 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Exelixis, pamoja na Gerald Rubin na Spyros Artavanis-Tsakonas, kampuni iliyoanza kwa kutumia jenetiki ya inzi na baadaye ikawa ya dawa za saratani. Mwaka 2001 aliacha uprofesa kuongoza Renovis, kampuni ya magonjwa ya neva.

Renovis ilikuwa na dawa ya kiharusi, NXY-059, iliyokuwa ikiendelezwa na AstraZeneca. Haikuwa na uhusiano na uelekezaji wa aksoni. Jaribio kubwa la kwanza, lililochapishwa mapema mwaka 2006, lilitia matumaini. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuonesha faida yoyote, na dawa ikaachwa mwaka huohuo. Renovis ikanunuliwa na Evotec mwaka 2008. Goodman alikwenda Pfizer kwa muda mfupi, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa mfuko wa uwekezaji wa venBio.

Wapo wanaosikitika kwamba aliondoka mapema. Nawaelewa. Ila dawa nyingi za kiharusi za aina ile zimeanguka mikononi mwa watu wengi, na kuanguka kwa moja hakufuti kilichojulikana kuhusu Robo.

Amepata Nobel?

Hapana. Alipata tuzo ya Waterman mwaka 1983, akachaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1995, akapata tuzo ya Gairdner ya Kanada mwaka 1997, na mwaka 2020 tuzo ya Gruber ya sayansi ya neva pamoja na Tessier-Lavigne na Friedrich Bonhoeffer wa Ujerumani.

Kuna kilichobaki cha kutafiti?

Kingi. Mwaka 2023 ramani kamili ya ubongo wa buu wa inzi ilikamilika: seli 3,016 na miunganiko takriban 548,000. Mwaka 2024 ikafuata ya inzi jike mzima, seli zaidi ya 139,000. Sasa tunajua nani ameungana na nani. Bado hatujui ni kwa kanuni gani kila mmoja wao alimchagua mwenzake. Molekuli za kuelekeza zilizopatikana ni koo chache, na miunganiko ni mamilioni. Namna ishara chache zinavyotumika upya, kwa vipimo na nyakati tofauti, kujenga kitu kikubwa hivyo ndiyo kazi iliyo mezani.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aanzie wapi?

Nairobi kuna ICIPE, Kasarani, yenye utaalamu mkubwa wa wadudu na programu za shahada za juu. Uganda, katika mji wa Ishaka, kampasi ya magharibi ya Kampala International University imekuwa mwenyeji wa mafunzo ya sayansi ya neva kwa kutumia inzi wa matunda, yaliyoandaliwa na shirika la TReND in Africa. Mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo, Lucia Prieto-Godino, alisomea uzamivu Cambridge kwa Michael Bate. Inzi ni mnyama wa kufaa huku kwetu: chakula chake ni unga, chachu na sukari, hahitaji banda wala kibali kirefu cha maadili ya wanyama, na maabara nyingi duniani hugawana koo za inzi na watafiti wenzao.

Naweza kuona chochote kwa hadubini ya shule?

Unaweza, ingawa neva zenyewe hazionekani bila rangi maalumu. Weka ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa, acha inzi wadogo waingie, funga kwa pamba. Mayai yao ni meupe, marefu kiasi cha nusu milimita, na yana vipembe viwili upande mmoja. Yahamishe kwa brashi laini ya kuchorea. Yatie kwenye Jik iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa dakika mbili hivi, na ganda la nje litayeyuka. Suuza kwa maji mengi mara moja. Fanya hivyo mahali penye hewa, na Jik isikutane na siki wala asidi yoyote.

Tazama kwa mwanga unaotoka chini. Katika yai la saa chache utaona utumbo wa njano na pingili zikijitokeza. Katika yai la karibu siku moja utaona kiinitete kinajikunja na kujinyoosha, kwanza kwa mshtuko usio na mpangilio, baadaye kwa mawimbi yanayotoka ncha moja hadi nyingine. Wanafunzi wa Bate walipima mienendo hiyo dakika kwa dakika, na walionesha kwamba mtandao wa neva hujirekebisha kadiri unavyojaribu kufanya kazi. Chora unachokiona kila baada ya nusu saa na uandike saa pembeni. Ukifanya hivyo kwa mayai ya asubuhi na ya jioni, utapata mfululizo wa kutosha kulinganisha.